Habari za Kinyozi Aliyeitafuta Siku ya Kufungua Shule

Ketini! Ketini nyote, mlio kwenye viti na mlio kwenye ndoo zilizopinduliwa, na wewe uliyesimama mlangoni ukisema huna muda, ingia ukae, kwani habari hii haipokewi kwa miguu. Nileteeni karatasi nyeupe isiyo na mkunjo. Nileteeni kalamu ya risasi, nayo ichongwe pande zote mbili, maana vita ni virefu na ncha moja haitatosha. Sitawasimulia habari za wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasimulia, tena wanalipwa. Nitawasimulia habari za kinyozi, na jinsi alivyoitafuta siku ya kufungua shule, akaikosa mbele ya kadamnasi, akaipata tena akiwa na wembe mkononi, yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja mfupi.

Alikuwako, basi, katika mtaa wetu huu, kinyozi. Majirani walimwita Kinyozi, mkewe alimwita Baba Kidonge, na mimi, kwa kuwa kalamu ni yangu, nitamwita pia Mfyeka Misitu ya Utosini, Bwana wa Mashine Ingurumayo, Mlinzi wa Kioo Chenye Ufa. Ngome yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kiti cha kuzunguka kilichokwisha kuacha kuzunguka, na ukutani picha kubwa ya mitindo ya nywele, ambayo katika hiyo yeye aliuweza mmoja, nao ulikuwa ule wa kuziondoa zote. Hakuna aliyelalamika. Watu waliuchagua mtindo kwa kidole, kwa makini sana, kisha wakanyolewa ule ule.

Naye alikuwa na binti, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidonge: kwanza kwa udogo wa umbo lake, na pili, kama alivyopenda kusema shangazi yake, kwa kuwa ukijibiwa na mtoto yule ulihitaji maji ya kumezea. Mtoto huyu ndiye chanzo cha vita. Na ili mjue vita vilianzaje, sina budi kuwarudisha kwenye mwaka uliotangulia, mwaka wa aibu, ambao ningeuruka kama ningeweza.

Katika shule ya mtaa wetu palikuwa na sheria moja iliyokuwa kongwe kuliko rangi ya kuta: dawati utakaloketi asubuhi ya siku ya kwanza ndilo dawati lako hadi mwaka uishe. Hubadilishi, hubadilishiwi, na machozi hayapokelewi. Sasa, mwaka ule, Kinyozi alimwamini mteja mmoja aliyesema, povu la sabuni likiwa shavuni, kwamba siku ya kufungua imesogezwa mbele. Haikuwa imesogezwa. Kidonge alipofika, madawati ya mbele yalikuwa yamekwisha kutekwa yote, naye akapangiwa la mwisho kabisa, nyuma ya binti wa mwashi, msichana mwenye roho nzuri na mgongo mrefu kama mlango. Ili auone ubao, Kidonge ilimbidi apige magoti juu ya benchi. Mwalimu hakupenda watu wapige magoti, akamwambia aketi, na akiketi aliona sare ya binti wa mwashi tu, ambayo haikuandikwa kitu.

Kwa hiyo alinakili kutoka kwa jirani yake wa dawati. Alinakili kwa uaminifu wa makarani wa zamani, nukta kwa nukta, kosa kwa kosa, hata ikawa katika mtihani wa mwisho wa mwaka akanakili na jina la jirani. Yule jirani akapata mitihani miwili. Kidonge hakupata hata mmoja, akaandikwa kwamba hakuhudhuria. Ripoti ilipofika nyumbani, Kinyozi hakupiga kelele. Alimwita mtoto, akayatazama magoti yake yaliyokuwa yameota sugu kama ya mtu wa kusugua sakafu, kisha akaingia bafuni akakaa humo kwa muda mrefu bila maji kusikika yakimwagika.

Alipotoka alisimama katikati ya sebule, akainua mkono ulioshika kitana, akanena: "Sikilizeni, enyi mke wangu na watoto wangu! Mimi niliyezinyoa ndevu za mwenyekiti wa mtaa bila kumkwaruza, mimi ambaye mkono wangu haujatetemeka tangu siku ya harusi yangu, natamka leo hii mbele ya meza hii na kabati hili: mwakani mtoto huyu ataketi mbele! Atakuwa wa kwanza kufika, na atalikalia dawati la mbele, na chaki ya mwalimu itamwangukia mapajani!"

"Umemaliza?" akauliza mkewe kutoka jikoni.

"Nimemaliza."

"Basi njoo uniteremshie sufuria, inaungua."

Ndivyo kiapo kilivyofungwa. Lakini kuapa ni jambo moja, na kuijua siku yenyewe ni jambo jingine, maana siku ya kufungua shule haikai mahali pamoja. Laiti ingekuwa moja! Shule yenye basi la njano ilifungua watu wengine wakiwa hawajarudi hata safarini. Shule ya bweni anakosoma mtoto mkubwa wa muuza duka iliita madarasa ya juu kwanza, ya chini baadaye, na ya katikati ikayasahau mpaka wazazi walipopiga simu. Redioni ilitajwa siku moja kwa sauti nzuri nzito; kisha akaja mtangazaji mwingine akataja siku nyingine, akaongeza kwamba shule zilizo katika ukarabati zitajipangia zenyewe. Na shule ya Kidonge ilikuwa katika ukarabati. Ilikuwa katika ukarabati tangu Kinyozi mwenyewe akisoma pale.

Mnauliza, basi, mtaa wetu uliijuaje siku? Uliijua kwa dalili. Ng'ambo ya njia, ukikabiliana na ngome ya Kinyozi mlango kwa mlango, ulikuwa ufalme wa fundi cherehani, mama wa makamo aitwaye Mama Pindo, kwa sababu sare zake aliziachia pindo pana kiasi kwamba mtoto angeweza kuanza nazo darasa la kwanza na kuolewa nazo. Kinyozi, kila mwaka, alimtazama Mama Pindo. Sare zikitundikwa nje ya duka lake, alijua shule zinafunguliwa, naye akatoa ubao wake ulioandikwa NYWELE ZA SHULE HAPA. Aliamini kwamba Mama Pindo ana mtu ofisini.

Naye Mama Pindo, kila mwaka, alimtazama Kinyozi. Watoto wakianza kutoka mle ndani na vichwa vinavyong'aa, alijua shule zinafunguliwa, naye akatundika sare. Aliamini kwamba Kinyozi, anayeongea na wanaume wa kila aina kutwa, hawezi kukosa habari. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake. Na mambo yalikuwa yakienda sawa miaka yote, ukiuacha ule mmoja Kinyozi alipomwamini mteja, jambo ambalo mimi kama mwandishi wa haki nimeshindwa kulieleza.

Ikawa siku moja, likizo ikiwa bado mbichi, akaja mama mmoja amemshika mwanawe mkono, na kichwani mwa mwana yule palikuwa na chingamu. Haikuwa chingamu ya mtu mmoja. Walikuwa wameichangia ndugu. Kinyozi aliitazama, akaguna, akawasha mashine, akazifyeka zote. Mtoto akatoka nje, kichwa kinang'aa juani.

Ng'ambo ya njia, Mama Pindo akainua macho kutoka kwenye sindano. Moyo ukamlipuka. "Jamani!" akamaka. "Kumbe ni Jumatatu hii, nami bado sijapiga pasi!" Akakurupuka, akazitoa sare zote, akazitundika kuanzia mlangoni hadi kwenye nguzo ya umeme. Kinyozi, akijifuta mikono, akatazama nje, akaziona. Naye moyo ukamlipuka. Akakimbilia nyuma ya kabati, akautoa ubao wake, akausimamisha mlangoni. Akina mama waliokuwa wakipita wakaziona sare, wakauona ubao, wakaviweka pamoja, wakashika vichwa. Muuza duka akayashusha madaftari kutoka kwenye rafu ya juu, akapuliza vumbi, akapandisha bei. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unafua soksi, na sababu yake yote ni chingamu.

Jumatatu ilipopambazuka jeshi likatoka. Mbele alikwenda Kinyozi, amevaa shati la harusi, mkono wa kulia amemshika Kidonge, mkono wa kushoto ameinua chupa ya maji ya mtoto kana kwamba ni mwenge. Nyuma yake walifuata mwashi na binti yake mrefu, Mama Pindo na wajukuu, muuza duka, na kundi kubwa la watoto walionyolewa mtindo mmoja. Hakuna aliyemtangulia Kinyozi, kwa kuwa alitembea katikati ya njia akiwa amepanua viwiko. Wakafika langoni. Lango lilikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli alikuwako mlinzi, ameegemea, anakula karanga.

"Mnakwenda wapi?" akauliza mlinzi.

"Shule," akajibu Kinyozi.

"Shule gani?"

"Hii uliyoiegemea."

"Hii imefungwa."

"Inafunguliwa leo."

Mlinzi akatafuna, akameza. "Nani kasema?"

Kinyozi akageuka akamtazama Mama Pindo. Mama Pindo alikuwa amekwisha kugeuka anamtazama yeye. Na jeshi lote likawatazama wao wawili.

"Si wewe ulitundika sare?" akasema Kinyozi.

"Nilitundika kwa sababu wewe umenyoa!"

"Mimi nimenyoa chingamu!"

"Sasa mimi chingamu nitaionaje kutoka kule? Nimeona kichwa! Kichwa kimenyolewa, kimeoshwa, kimepakwa mafuta! Mtu mzima na akili zako unamtoa mtoto wa watu nje anang'aa hivyo katikati ya likizo, unataka sisi tufikirie nini?"

"Mama, miaka yote mimi nafuata sare zako."

"Miaka yote," akasema Mama Pindo polepole, akikaa juu ya jiwe, "mimi nafuata vichwa vyako."

Kinyozi akamgeukia mlinzi, kwani shujaa hujaribu kila mlango. "Kaka, basi tuambie wewe. Wanafungua lini?"

"Mimi nalinda," akasema mlinzi. "Habari za kufungua ni za ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

"Ndani."

"Tufungulie tukaulize."

"Imefungwa."

Jeshi likarudi nyumbani kwa makundi makundi, soksi nyeupe zimekuwa za rangi ya njia. Kinyozi alitembea wa mwisho. Tangu siku ile alipewa jina jipya, na jina lenyewe lilikuwa Kalenda. "Kalenda, hujambo?" walimwambia asubuhi. "Kalenda, leo siku gani?" walimwuliza wakipita, wakacheka hadi kwenye kona. Wateja walipungua, maana kila kichwa kilikuwa kimenyolewa tayari. Haya yote aliyavumilia kiume. Kilichomuuma ni kumwona Kidonge, ambaye kila asubuhi alivaa begi lake tupu, akaketi kizingitini, akauliza: "Baba, leo bado?" Naye mtu aliyeapa mbele ya kabati akamjibu, "Bado, mama."

Siku zikapita. Ikawa Jumapili moja alasiri, Mfyeka Misitu akiwa peke yake ngomeni anapangusa kioo kwa mara ya pili, mlangoni kikaingia kivuli, na nyuma ya kivuli ndevu, na nyuma ya ndevu mwalimu mkuu. Sasa mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa na desturi: likizo ikianza aliziachia ndevu, zikaota hadi kifuani, akawa hatambulikani sokoni, na wazazi wakampita bila kumwuliza kitu. Aliketi kwenye kiti kisichozunguka, akajilaza, akafumba macho.

"Toa zote," akasema.

Mkono wa Kinyozi, ule ambao haukuwa umetetemeka tangu siku ya harusi, ukatetemeka. Akampaka sabuni. Akauweka wembe chini ya kidevu cha mtu pekee katika dunia nzima aliyeijua siku, akanena kwa sauti ya chini yenye heshima zote: "Ee Mwalimu Mkuu, mbeba funguo, mpiga kengele, wewe ambaye mbele yako hata mimi niliwahi kuruka kichura! Si kwamba nakulazimisha. Naheshimu ofisi. Ila mimi ni baba, na mtoto wangu ni mfupi, na nimechekwa na mtaa mzima. Niambie, nakuomba: ndevu hizi unazitoa kwa sababu ya joto, au kuna jambo?"

Mwalimu mkuu akafumbua jicho moja, akautazama wembe. "Kesho tunafungua," akasema. "Wewe hujui? Nilimwambia mlinzi awatangazie."

"Mlinzi hajasema neno."

Mwalimu mkuu akafikiri kidogo. "Basi nitakuwa sikumwambia," akasema, akafumba jicho.

Kinyozi alizinyoa ndevu zile kwa upole ambao hajawahi kumpa mtu mwingine. Kisha akafunga mlango wa bati, akakimbia nyumbani, akaingia sebuleni anahema, akamnong'oneza mkewe kana kwamba ukuta una mtoto wa darasa moja na Kidonge: "Kesho! Na hakuna anayejua! Tukinyamaza, mama, tukinyamaza tu mpaka asubuhi, darasa zima ni letu. Atachagua dawati kama anachagua nyanya!"

Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Na mtoto wa mwashi?" akasema.

"Amefanyaje?"

"Alitembea mpaka langoni kwa maneno yako. Na wajukuu wa Mama Pindo. Uliwatoa watu wote nje kwa uongo usioujua. Leo una ukweli, unataka kuufungia kabatini."

"Lakini mbele, mama. Dawati la mbele."

"Nimesikia," akasema mkewe. "Mimi nakunja nguo."

Enyi wasikilizaji, nimesoma habari za watu walioshinda majeshi, lakini sijui kama kuna aliyepigana vita vigumu kama alivyopigana Kinyozi kutoka kwenye kochi la sebuleni hadi mlangoni. Alisimama, akakaa. Alisimama tena. Alimtazama Kidonge aliyekuwa amelala kwenye mkeka akichora, pua karibu igusane na karatasi. Roho ilimuuma sana. Kisha akapiga moyo konde, akatoka, akaenda nyumba kwa nyumba, akapaza sauti: "Jirani! Shule inafunguliwa kesho! Safari hii ni kweli!"

Majibu aliyopewa siwezi kuyaandika yote. Muuza duka alimwuliza kama ameshakula. Mwashi alitoka mlangoni, akamshika bega, akasema: "Kinyozi, ndugu yangu, mimi nakupenda. Lakini viatu vya mwanangu vimeshalika kwa safari zako. Nenda kapumzike." Mama Pindo peke yake ndiye aliyesikiliza hadi mwisho, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Leo sijaona mtoto hata mmoja amenyolewa," akasema.

"Nimemnyoa mwalimu mkuu mwenyewe! Ndevu zote!"

"Mwalimu mkuu si mtoto," akasema Mama Pindo, na sare hakuzitundika.

Basi asubuhi ya Jumatatu walitoka wawili tu, baba na binti. Kidonge alivaa sare yenye pindo la kutosha watu wawili, soksi zimevutwa hadi magotini, begi mgongoni. Lango lilikuwa wazi, mwalimu mkuu amekwisha kulifungua. Mlinzi aliwatazama wakipita, akatikisa kichwa kama mtu anayewaonea huruma waliochanganyikiwa, maana hata sasa hakuna aliyemwambia. Kidonge akaingia darasani. Madawati yalikuwa yamepangwa safu safu, yametengenezwa, yananuka vanishi, na hakuna aliyeketi hata katika moja. Akatembea katikati yao taratibu, begi likigongagonga, akalifikia la mbele kabisa, la katikati, akaketi, akaweka mikono miwili juu. Baba yake, ambaye alisimama nje dirishani, alifumba macho akashukuru. Alikuwa na furaha ya kuweza kumkumbatia hata mlinzi.

Ndipo akaingia mwalimu wa darasa, mama mmoja mpya mwenye chaki mpya. Akampita Kidonge. Akayapita madawati. Akaenda hadi mwisho kabisa wa chumba, akageuka, na nyuma yake ukutani palikuwa na ubao mweusi uliokuwa bado unang'aa rangi.

"Wewe mtoto," akaita kwa mshangao, "darasa zima ni lako, mbona umeenda kuketi nyuma?"

Ukarabati! Baada ya miaka yote ile, ukarabati ulikuwa umefanyika. Paa lilikuwa likivuja juu ya ubao wa zamani, mafundi wakaufuta, wakachora mwingine kwenye ukuta wa pili, na madawati yakabaki yameelekea kule yalikokuwa yakielekea siku zote. Kinyozi alishika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili. "Mwalimu!" akaanza. "Ewe mwenye chaki, usikie kilio cha—"

"Mzazi," akasema mwalimu, "dirishani hapana."

"Basi ahamie hapo mbele tu, Mwalimu! Hakuna mtu!"

"Mimi ni mgeni hapa, na sheria niliyoelezwa ni moja. Dawati alilokaa ndilo lake mpaka mwisho wa mwaka. Nikianza kuhamisha leo, kesho wazazi wote watajaa kwenye dirisha hilo."

Na wakati huo huo, mbali, ukasikika mshindo wa miguu. Kwani Mama Pindo alikuwa amemwona Kinyozi akienda na mtoto, akasubiri amwone akirudi naye amcheke, na alipoona hawarudi akaangusha mkasi, akapiga yowe. Mtaa mzima ulikuwa unakuja mbio, watoto mbele, vifungo havijafungwa, wengine na mswaki mdomoni.

Kidonge hakulia. Aligeuka akautazama ubao ulioko kule mbali, akamtazama mwalimu, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo dawati hili ni langu?"

"Ni lako."

"Mpaka mwisho wa mwaka?"

"Mpaka mwisho wa mwaka."

"Asante, Mwalimu," akasema Kidonge. Akashuka, akaweka begi juu ya dawati lake, akaenda upande wa pili, akaliegemeza bega, akasukuma.

Dawati lile lilikuwa la mbao ngumu na miguu ya chuma. Lilitoa mlio uliowafanya kunguru waondoke juu ya paa. Likasogea kidogo, likakwama. Akasukuma tena, uso umeiva, viatu vinateleza sakafuni. Baba yake nje alikuwa akisukuma ukuta bila kujijua. Hawezi kuingia, hawezi kusema, na watoto wa kwanza walikuwa wanapita tayari kwenye lango. Mbele yao, kwa hatua zake ndefu, alikuja binti wa mwashi. Akaingia darasani wa kwanza, akaona ubao uliko, akaona madawati matupu yaliyo karibu nao, akamwona Kidonge katikati ya njia amekwama na kipande chake cha mbao. Akaweka begi chini. Akashika upande wa mbele wa dawati.

"Inua huko," akasema.

"Ni zito."

"Inua. Mwaka mzima ulikuwa unanipumulia shingoni, nimechoka."

Wakalinyanyua. Wakalipitisha katikati ya safu, mmoja mrefu mmoja mfupi, dawati limeinama upande kama linaloshuka mlima, na watoto waliokuwa wakimiminika wakawapisha njia. Wakalitua chini ya ubao, karibu kiasi kwamba mwalimu ilimbidi arudi nyuma hatua. Binti wa mwashi akaokota begi lake akaenda kuketi mwisho. "Mimi naona kutoka popote," akasema.

Mwalimu alilitazama dawati. Alitafuta katika sheria aliyoelezwa mahali palipokatazwa jambo hilo, hakupaona. Akageuka, akaandika ubaoni.

Kule langoni, wakati huo, wazazi walikuwa wamejazana, wanagombana na mlinzi na wao kwa wao. Muuza duka alisema ni wiki ijayo, aliisikia redioni. Mwashi alisema watoto watarudishwa sasa hivi, tusubiri hapa hapa. Mlinzi alisema yeye hajaambiwa kitu na ofisi. Na Kinyozi, aliyekuwa ameondolewa dirishani, alisimama kando yao, kwa kuwa hakuna ambaye angemwamini.

Ndipo ikatoka darasani sauti. Ilikuwa ndogo, lakini mwenyewe hakuwahi kusoma kitu kutoka ubaoni kwa macho yake, na aliisoma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ikavuka uwanja, ikafika langoni: "LEO NI JUMATATU! SIKU YA KWANZA YA MUHULA WA KWANZA! KARIBUNI SHULE!"

Mwashi akavua kofia. Mama Pindo akasema, "Kumbe." Na Kinyozi, Mfyeka Misitu ya Utosini, Bwana wa Mashine Ingurumayo, alilia mbele ya watu wote, hakujificha bafuni, na hakuna aliyemwita Kalenda.

Waandishi wengine waandike waliyoyaona wao, habari za majeshi na za majiji. Mimi nimeandika hili ili lisisahauliwe: kwamba mwaka ule mtaa wetu uliambiwa siku ya kufungua shule na Kidonge, binti wa kinyozi, aliyeisoma mwenyewe ubaoni, naye alikuwa ameketi.